Kitambaa cha Kompyuta

Kompyuta ya Wahome ilifunikwa kitambaa cheupe kutoka dukani kwa Mohini, na kila aliyeingia ofisi ile ya Bungoma alivua viatu mlangoni. Mohini, mjane kutoka Kitale, alivua vyake akiwa amenuna. Yeye na wenzake wachache walijitolea kupeleka wagonjwa wa vijijini hospitali kwa magari yao, bila malipo. Mwaka huo wa tisini na tatu Wahome, mwenyekiti wao, akaamua kwamba magari yapangwe na mashine.

Mashine iliigiza safari za mwezi mzima kabla hazijafanyika. Kwenye kioo chake wagonjwa walikuwa nukta za kijani. Gari likifika hospitali, nukta inazimika. Mohini aliuliza mtu anarudije nyumbani. Wahome akajibu kwa majivuno kwamba huku kwetu mgonjwa akiruhusiwa hufuatwa na ukoo wake, na ndivyo alivyomwelekeza fundi. Wanakamati wote wakaafiki. Nani angekubali kwamba watu wake huacha wagonjwa?

Cherop, kikongwe wa milimani juu ya Kimilili, hakuwa na ukoo uliobaki. Mohini ndiye aliyempeleka kupasuliwa jicho, akamwahidi kumrudisha. Siku ya kuruhusiwa, Wahome akamkataza Mohini kwenda kumchukua: mashine ilitaka gari lake lingoje wagonjwa Kiminini. Mohini akangoja, akangoja, hakutokea mgonjwa hata mmoja. Mwishowe akachukizwa na utiifu wake mwenyewe, akawasha gari kwenda hospitali ya Bungoma.

Alimkuta Cherop ameketi chini nje ya lango, bandeji imekuwa rangi ya udongo, nzi wameikalia.

"Nilijua utakuja," Cherop alisema. "Hao wenzako nilikuwa naita, wanapita tu."

Muuguzi alibadilisha bandeji, akaonya kwamba jicho likiingia vumbi tena, basi limekwenda. Ofisi ya Wahome ilikuwa ng'ambo ya barabara, dirisha lake likitazama lango lile lile. Mohini akamwongoza Cherop hadi ndani, viatu miguuni.

Wahome hakuuliza habari ya jicho.

"Mama, chunga hiyo vumbi," alisema, akiharakisha kuifunika mashine. "Hii kitu ikiingia vumbi inaharibika."

 Mohini alikivuta kile kitambaa, akakikung'uta, akamfunga Cherop kichwani hadi juu ya bandeji, polepole asimuumize. Kisha akamshika mkono wakaenda garini. Barabara ya Kimilili ilikuwa na vumbi jingi.