Kivuli Kilichomsindikiza Mpimaji

Jumanne saa tatu asubuhi, Émile wa ofisi ya ardhi alishuka kwenye baiskeli yake kando ya barabara ya Kasenga, akatoa kamba ya kupimia, penseli na fomu moja, akaomba kiti. Mama Chileshe alimpa kiti. Alipoona kiatu cha kulia cha mgeni kimefunguka mdomo, akampa pia sindano na uzi wa nailoni.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao wanajeshi walipora maduka ya Lubumbashi. Treni hazikuja, mishahara haikuja, umeme ulikuja siku za sikukuu. Mji mzima ulipika kwa makala, yaani mkaa, na makala yalitoka katika misitu iliyouzunguka. Ofisi ya ardhi iliamua kupima faida ya kila msitu. Wenye faida kwa watu ungeachwa. Usio na faida ungepewa wachoma makala. Fomu ilikuwa na safu tatu: kivuli, maji, uyoga.

Mama Chileshe alikuwa mjane, na aliishi kando ya msitu wa hapo barabarani tangu alipoolewa. Uyoga wake ulimlisha yeye na wajukuu wanne kila mvua zilipoanza, na kijito kilichotoka chini ya kichuguu kikubwa kilimwagilia mboga zake.

"Papa Émile, utapima muzuri?" aliuliza.

"Nitapima ile iko, Mama. Sitaongeza, sitapunguza."

"Basi salimia kwanza. Hapa haiko ku bureau, ku ofisi."

Émile alikuwa mtu wa adabu. Aliuvulia kofia kila mti mkubwa, na kabla ya kuchovya kijiti kwenye kijito aliomba ruhusa. Alipima kivuli asubuhi, mchana na alasiri, akapata hekta kumi na mbili. Maji, ndoo mia tatu kwa siku. Uyoga, vikapu thelathini kwa juma.

Ilikuwa siku nyingi msitu haujasalimiwa vile. Alipoondoka, Mama Chileshe alimsindikiza, na kivuli kikamsindikiza, na kijito, na uyoga. Kwa desturi ya pale, mgeni ndiye anayewaambia wenyeji warudi. Asiposema, hawawezi kumgeuzia mgongo, yangekuwa matusi. Mama Chileshe alikuwa na goti bovu, kwa hiyo alipofika darajani aliomba ruhusa mwenyewe. Émile, aliyezaliwa mjini, alimshukuru, akapanda baiskeli. Wale wengine hakuwaambia kitu, nao wakaendelea naye hadi Lubumbashi.

Ofisi ya ardhi haikuwa na paa, kwa sababu mabati yalichukuliwa siku za uporaji. Kivuli kiliingia, kikajinyoosha juu ya meza zote nne. Kijito kilipita chini ya mlango, kikajikunja kando ya kabati. Uyoga uliota kwenye mafaili ya zamani, ambayo yalikuwa na unyevu tayari.

Mkuu wa ofisi, Désiré, alifunga mwavuli ambao alikuwa akiandikia barua chini yake kwa muda wa miezi kadhaa.

"Émile, umetumika muzuri," alisema.

Akaandika vitu vyote vitatu katika orodha ya mali ya ofisi, baada ya bendera na kabla ya mashine ya kuchapa. Laurentine, mchapaji, aliuchuma uyoga, akaupika, na sahani ya kwanza akampelekea mlinzi wa mlangoni, ambaye kwa kawaida husahauliwa.

Juma lililofuata Désiré alikwenda mwenyewe kuhakiki fomu, kama kanuni ilivyotaka. Alikuta miti imesimama, majani yote yapo, na chini yake jua kali. Kwenye kijito palikuwa na mchanga. Désiré hakuwa mtu wa kudanganya hesabu. Aliandika sifuri mara tatu, akatia sahihi, na msitu ukapewa Kambale, mfanyabiashara wa makala wa jumla aliyekuwa na lori.

Mama Chileshe alipopata habari alitembea siku mbili hadi mjini. Alipoingia ofisini, kijito kilimtambua, kikamjia miguuni.

"Chef, hii kivuli ni ya kwetu," alisema.

"Sikatai, Mama. Lakini sasa iko mu inventaire, mu orodha ya mali. Kintu ya inventaire haitoke bila cachet, muhuri ya Kinshasa."

"Na Kinshasa banajibu?"

"Tuliomba kalamu miaka saba inapita. Tuko tunangojea."

"Chef, unaandika musitu haiko na faida, na weye unaikalia faida yenyewe."

"Najua, Mama. Lakini papier, ile fomu, inauliza faida ya mu musitu. Mu musitu haiko."

Laurentine alimwekea kiti mahali kivuli kilipokuwa kizito zaidi, akamletea bukari, ugali wa huko, na uyoga. Mama Chileshe alikula. Uyoga ulikuwa umetiwa chumvi vizuri, naye akasema hivyo.

Émile hakula. Saa kumi, Désiré alipokwenda mazoezi ya kwaya, alimwuliza Mama Chileshe ni wapi alipokosea. Akaambiwa. Akasimama mlangoni, akavua kofia.

"Munafika mbali," alisema. "Murudie sasa. Aksanti."

Kivuli kilijiondoa mezani. Kijito kilitoka kando ya kabati, uyoga ukafuata. Walikwenda polepole kwa sababu ya goti la Mama Chileshe, na Alhamisi mchana wakafika.

Kambale alikuwa mtu wa kazi. Hakuna mti uliokuwa umebaki. Kivuli kilizunguka kidogo, kisha kila kipande kikalala mahali pake, chini ya mti ambao haukuwapo, na jua liliposogea nacho kikasogea. Wachoma makala walikuwa wamechoka na joto. Walibeba vyakula vyao wakaja kukaa humo. Kambale alisimama, akampa Mama Chileshe kiti chake mwenyewe.

"Ikala, Mama. Hapa njo iko baridi."

Kambale alipoomba kabla ya kula, aliliombea pia goti la Mama Chileshe.

Désiré, akiwa tena chini ya mwavuli, alimtuma Émile akapime upya. Émile alipata hekta kumi na mbili za kivuli, hakuna hatua iliyopotea, na maji na uyoga vilevile. Kwa fomu hiyo, msitu ulitangazwa kuwa wenye faida na unaolindwa. Kibao cha kukataza kukata miti kililetwa, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukipigilia, Émile alikipigilia kwenye kisiki. Kambale alikisoma kwa heshima, akawahamisha watu wake kwenye kilima cha pili.

Jioni ile Kambale alimpakia Émile na baiskeli yake kwenye lori, juu ya magunia ya makala ya msitu ule, bila kuombwa. Lori lilikwenda polepole, na Mama Chileshe alimsindikiza hadi darajani, na kivuli pia. Émile alivua kofia mapema.

"Murudie sasa," alisema, nao wakarudi, kivuli kikitangulia kidogo ili Mama Chileshe apate baridi njiani.

Lori liliondoka. Émile alitazama magunia aliyokalia, akafikiri, akavua kofia tena.

"Na nyiye," aliyaambia, "munafika mbali."

Magunia yalijisogeza kidogo. Lakini yalikuwa yamefungwa vizuri.