Kofia za Orest Lytwyn

Asubuhi ya mazishi ya Orest Lytwyn, mkewe Nettie alipekua nyumba nzima akitafuta kofia ya kijani. Aliifuma mwenyewe mwaka waliooana, kifuniko cha sikio moja kirefu kuliko cha jingine kwa kuwa alikuwa bado hajui kufuma. Orest aliivaa miaka na miaka, kisha siku moja akarudi bila hiyo, akasema upepo umeichukua. Nettie hakuamini. Alitaka mumewe azikwe nayo, lakini hakuipata, na Orest akateremshwa kichwa wazi katika ardhi ya Saskatchewan, Februari.

Wala si kwamba nyumba ile ilikosa kofia. Chumba cha chini kilijaa hadi ngazini. Katika ligi ya hoki ya barafu ya miji ya tambarare hakuna aliyewahi kufunga magoli mengi kama Orest, na desturi ni kwamba mchezaji akifunga la tatu katika mechi moja, watazamaji wanarusha kofia zao kwenye barafu. Wafungaji wengine huziacha wenyewe wakaziokote. Orest alizizoa zote kwa magunia ya ngano.

"Mtu akitupa, ametupa," alikuwa akisema.

Mji wa Tarnow ulimpenda sana, na ulimlaani sana pia, hasa pale watu walipotembea kuelekea kwenye magari yao huku vipara vikiwauma kwa baridi.

Sasa walikuja kumpa pole mjane. Walileta perohi, visambusa vya kuchemsha vya viazi, walileta kabichi zilizojazwa wali, na kila aliyeketi alikuwa akiuangalia mlango wa chumba cha chini kwa jicho la pembeni. Aliyeshindwa kuvumilia ni Bohdan Chorney, kinyozi mstaafu.

"Mungu amlaze pema, Nettie. Hivi... ile yangu ya manyoya ya sungura bado ipo?"

"Bohdan! Mume wangu hata hajapoa!"

"Kwa baridi hii?"

Nettie aligeukia birika asionekane akibana kicheko. Hapo ndipo alipopata wazo. Huenda ile ya kijani ilijichanganya na zile za magunia; watu wakifukua, itaonekana, bila yeye kumwambia mtu kwamba anaitafuta.

"Nenda kachukue," alisema. "Lakini kwanza unisimulie goli ulilolirushia kofia hiyo."

Alikuwa na sababu. Miaka yote ile Nettie aliuza chai kwenye dirisha la uwanjani, mgongo kwa mchezo. Magoli ya mumewe aliyajua kwa kelele tu.

Habari zikaenea. Kesho yake foleni ilifika barabarani. Bohdan alisimulia jinsi Orest alivyowapita walinzi wanne akafunga akiwa hewani. Olha Petrash, kiongozi wa kwaya, akamkatiza.

"Hewani wapi! Alikuwa amelala kifudifudi. Akakisukuma kile kisahani cha mchezo kwa kidevu."

"Wewe ulionaje, na ulikuwa umesinzia?"

"Nisinzie mimi? Nani aliyekuwa na chupa ndani ya koti?"

"Ilikuwa dawa ya kikohozi!"

"Ndiyo maana ulikohoa wimbo wa taifa mzima."

Nettie alimimina chai akasikiliza. Orest alifunga kwa kisogo, alifunga akiwa na kiatu kimoja, alifunga huku akibishana na mwamuzi. Rundo likapungua. Jioni ya siku ya mwisho zilibaki kofia chache za waliokwisha kufa, na ya kijani haikuwamo. Nettie aliketi kwenye ngazi akazima taa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Wendell Froese, kipa wa mji wa jirani, yule aliyefungwa na Orest mara nyingi kuliko makipa wote. Kichwani alivaa kofia ya kijani, sikio moja refu.

"Shemeji," alisema, "usinipige."

"Umeitoa wapi?"

"Alinipa. Nilikuwa nayo mfukoni siku ya mazishi. Nilitaka kumtupia kaburini, nikaogopa watu wangedhani nashangilia."

Nettie akamvuta ndani kwa mkono. "Simulia. Hata wewe."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya Orest. Wendell alimzuia mara ya kwanza kwa goti, mara ya pili kwa fimbo.

"Na ya tatu?"

"Kwa meno."

"Meno yapi?"

"Hayo hayo ambayo sina." Akaachama kumwonyesha. "Mimi nimelala pale natema damu, yeye akaenda kwenye benchi, akachukua kofia yake, akanirushia miguuni. Mbele ya mji wenu wote uliokuwa unazomea. Hakuna mtu aliyewahi kumrushia kipa kofia, shemeji. Hakuna."

Akaivua, akampa. Nettie aliishika kwa mikono miwili, akazamisha uso ndani yake. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akavuta tena, kuhakikisha.

"Wendell."

"Naam."

"Inanuka wewe. Wewe na trekta."

"Nimeivaa kila baridi, shemeji. Inaziba masikio vizuri."

Kicheko kilimtoka Nettie bila kumwomba ruhusa, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakaja yakijiunga humo humo. Wendell alisimama pale jikoni, kipara kinang'aa, asijue aweke wapi mikono.

Alipotulia, Nettie alijifuta, akamvika kofia, akamfunga kamba za masikio chini ya kidevu kama alivyomfunga Orest asubuhi nyingi.

"Kaa," alisema, akasogeza bakuli la perohi. "Ile ya fimbo umeipitia haraka mno. Alikuja kutoka upande gani?"