Majivu Yaliyochekechwa Mara Tatu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka bila kukoma, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Chausiku alipoingia jikoni alimkuta mama mkwe wake, Bibi Amne, akichota majivu baridi mekoni na kuyatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuuliza ya nini. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Majivu yale aliyajua. Mwaka juzi, Sadala alipozaliwa humo humo ndani, ni yeye mwenyewe Chausiku aliyekuwa ameyachekecha kwa kanga mpya, mara tatu, yawe laini, yasimkwaruze mtoto kitovuni. Siku nne Sadala alinyonya vizuri. Ya tano taya zilikaza, ziwa likamtoka mdomoni. Ya sita, hata mlango ukigongwa, mwili wake ulikakamaa kama ufito. Wakasema ni dege. Ya nane walimzika.

Mwezi wa pili mwaka huu nesi Yuditha, ambaye huja kijijini na pikipiki mara moja kwa mwezi, alimwambia kwamba ile haikuwa dege. Ilikuwa pepopunda, na iliingilia kitovuni. Mama akichanjwa mara mbili, kwa kupishana mwezi mmoja, mtoto huzaliwa na kinga. Siku ile Chausiku alikataa. Kisimani walikuwa wakisema sindano hiyo inafunga kizazi, na mfano walikuwa nao: mke wa Ramadhan, kaka ya mumewe, alichomwa, na tangu hapo hajashika mimba tena. Kisha mvua zilikata barabara, nesi hakuja miezi miwili. Miezi hiyo yote, kila baada ya sala, Chausiku alibaki juu ya mkeka akiliweka jambo hilo mbele ya Mungu. Hakuomba ishara. Aliomba miguu ya kwenda.

Sasa alikuwa anakwenda. Ya kwanza leo, ya pili mwezi wa sita, na wa saba mtoto.

Nesi alikuwa kwenye baraza la ofisi ya kijiji na boksi lake la barafu. Alifurahi kumwona. Akafungua kadi, akauliza mume yuko wapi. Chausiku akaeleza kwamba Sharifu anakata mkonge huko ng'ambo ya Korogwe, atarudi mwezi wa nane, na simu yake haipatikani. Nesi akafunga kadi polepole. Agizo lilikuwa kwamba mama anayeanza kliniki bila mume alete barua ya mwenyekiti, yenye muhuri.

"Sikulitunga mimi, mama," alisema. "Wahi. Saa sita narudi, barafu inayeyuka."

Mwenyekiti Kibwana alikuwa ndani, hatua kumi tu. Aliitikia shikamoo yake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatuma mtu akamwite Ramadhan.

"Mumeo yu hai," alimwambia. "Nikiandika, nitakuwa nimeingilia nyumba ya mtu. Mwenye nyumba hayupo, msemaji ni kaka yake."

Ramadhan alifika na tope la shambani miguuni. Hakufoka. Alikaa, akatazama mikono yake.

"Tangu sindano ile, shemeji, kwangu hakijalia kitoto. Unataka na nyumba ya mdogo wangu inyamaze?"

"Ya mdogo wako ilishanyamaza, shemeji."

Kibwana alitazama kalenda ukutani. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na ukoo wa Ramadhan ulijaza nusu ya kijiji.

"Hilo mwachie Mungu, binti," alisema hatimaye.

"Mungu huyo huyo nimemuuliza miezi mitatu."

Ramadhan akasema anawajua wanawake, huyu ataenda kwa dada yake kule Kwamsisi akachomwe kwa siri. Alitaka ahadi ya maandishi. Bila hivyo, sufuria zake zitolewe nje leo, na mtoto atakayezaliwa ukoo hautampa jina. Kibwana alichukua karatasi akaandika, bila haraka, kwa mwandiko mzuri.

Nesi Yuditha aliingia boksi likiwa begani. Ilikuwa karibu saa sita, na fomu yake ya safari ilihitaji muhuri ili alipwe posho. Kibwana aliipokea, akaiweka chini ya kiganja, akamwambia akae awe shahidi. Nesi aliisoma ile karatasi.

"Mwenyekiti, chanjo hii haifungi…"

"Nesi. Fomu yako hii hapa."

Alikaa, boksi mapajani. Pembeni lilikuwa likivuja, tone baada ya tone, sakafuni, karibu na mguu wa Chausiku. Ramadhan aliweka sahihi. Nesi akaweka ya kwake chini yake. Kibwana alipuliza muhuri, akagonga karatasi ile, kisha fomu ya nesi.

"Umefika la saba, unajua kusoma," alimwambia Chausiku. "Soma kwa sauti, walioko barazani wasikie."

Nje, wanawake wenye watoto mgongoni walisogea mlangoni. Chausiku alisimama. Mtoto aligeuka tumboni, akampiga teke chini ya mbavu, naye akangoja atulie ndipo akasoma:

"Mimi Chausiku binti Mdoe, naahidi mbele ya mashahidi hawa kwamba sitachomwa sindano yoyote mpaka mume wangu arudi."