Tumbo la Bustani

Nguzo za mama nilizing'oa mimi mwenyewe. Siku ya kwanza ya mradi tuliambiwa kiwanja chote kisafishwe, na kwenye kiwanja hicho kulikuwa na matairi, mabati yaliyooza, gari bovu lisilo na mwenyewe, na nguzo za mama yangu za kuanikia nguo. Nikaona akizing'oa mwingine atazivunja. Nikazichimbua taratibu, nikazibeba begani hadi uani kwetu, nikaziegemeza ukutani. Mama alikuwa anasuuza. Hakuinua kichwa.

"Kazi umeianza vizuri," alisema. "Umeanza na mama yako."

Nikacheka. Akanirushia povu.

Sitaki kusema uongo, mtaa wetu ulikuwa unauhitaji huo mradi. Mvua ikinyesha tulikuwa tunatoka na viatu mkononi. Mtaro wa zamani ulijaa taka mpaka maji yakaamua kupita majumbani, yanabisha hodi na yanaingia kabla hujajibu. Sasa tulikuwa tunajengewa mtaro wa zege wenye mifuniko, njia ya matofali, taa, na kile kiwanja cha matope kilikuwa kinageuzwa bustani yenye miti na mabenchi. Nilipopata kibarua hapo nilifurahi, ingawa mimi si mtu wa kukaa kazi moja. Gereji nimefanya, maji nimeuza, rangi nimepaka. Shule niliacha mapema, kukaa kitako kulikuwa kunaniumiza kuliko kiboko. Mtaani wananiita Kiberenge, kwa sababu naenda mbio na kelele haziishi.

Shida ilikuwa ya mama. Mama anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo pale kona. Asubuhi yanaletwa, jioni yanatakiwa yawe yamekauka na kukunjwa. Sasa uani kwetu jua linaingia kama mgeni mwenye haraka: linasimama mlangoni, linaaga. Shuka ukilianika pale linakauka kesho kutwa, tena linanuka kama godoro la mlevi. Mwenye nyumba ya wageni alishamwambia kwamba mashuka yakinuka tena atatafuta mtu mwingine. Alisema kwa upole, lakini alisema. Na mama hana kazi nyingine, wala mgongo wa kuanzia kazi nyingine.

Bango la mradi nilimsomea mimi. Eneo la mapumziko, hairuhusiwi biashara, kuegesha magari wala kuanika nguo.

"Kuanika nguo wameandika kabisa?"

"Kabisa."

"Basi walinifikiria," alisema. "Nilidhani wamenisahau."

Msimamizi wetu tunamwita Kamba. Hata yeye anajua na anaitika. Kamba haweki jiwe mpaka afunge kamba, na akishaifunga hataki maneno. Kazi yetu ilikuwa kupanga mawe ya kingo, yale marefu ya zege yanayokaa pembeni ya njia. Unafuata kamba, unagonga jiwe kwa nyundo ya mpira, unaweka pimamaji juu, unakwenda linalofuata. Mimi kila siku nilikuwa na swali. Kwa nini njia tusiipitishe pale? Kwa nini tusianze na upande ule?

"Kiberenge," Kamba alikuwa ananiambia, "mimi nikishafunga kamba, nimeshafikiri kwa niaba yako. Pumzisha kichwa, tumia mikono."

Kwanza kamba zake zilikuwa chini, usawa wa kifundo cha mguu. Bibi mmoja akajikwaa, akaanguka, akasimama na matusi ambayo hata sisi wa ujenzi hatukuwa nayo. Tangu siku hiyo Kamba akawa anasimika nondo ndefu, zinafika kifuani, na kwenye nondo hizo hizo anafunga kamba mbili. Ya chini ya kazi, ya juu ya kuwazuia watu, imening'inizwa vipande vya plastiki nyekundu.

Jumamosi tulisimika nondo kwenye ukingo wa bustani, upande wa nyumba zetu. Mstari ulinyooka kama rula, tayari kwa Jumatatu. Tukaenda zetu.

Jumapili mimi nilikwenda mpirani. Mama akabaki na beseni la mashuka, jua kali nje, na hana pa kuanika. Akachungulia, akaona kamba mpya, imekazwa vizuri, urefu wa kifua. Akaanika. Upepo ukaja, mashuka yakaanza kugusa lile lundo la mchanga wetu. Basi mama akachomoa nondo za katikati moja moja na kamba zake, akazichomeka mbali na mchanga, kwa ndani, upande wa bustani. Mashuka yakakauka yote. Jioni akayaanua, akayakunja, akayapeleka. Nondo akaziacha hapo hapo. Kwangu hakusema kitu, maana kwake hakukuwa na cha kusema.

Jumatatu Kamba alikwenda kiwandani kufuata mawe mengine, akatuachia yale yaliyokuwepo. Nikafika, nikaona kamba imepinda, imejitokeza kwa ndani ya bustani kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikataka kuuliza. Kisha nikajiambia, Kiberenge, leo nyamaza. Picha ya kwenye bango ina njia zilizopindapinda, pengine na hapa ndivyo. Mwanamume ameshafikiri kwa niaba yako.

Yaani siku moja tu niliyoamua kutii.

Nikapanga mawe. Sijawahi kupanga vizuri vile. Mwenzangu alikuwa anachanganya saruji na mchanga, mimi nagonga, tumbo linajichora. Kamba aliporudi mchana alishuka kwenye lori, akasimama, akaondoa kofia, akairudisha.

"Hii ni nini?"

"Kingo."

"Naona kingo. Nauliza hii ni nini."

"Nimefuata kamba."

"Kamba gani? Kamba yangu haina mimba."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akazikagua nondo, akaona mashimo ya zamani yalipokuwa. Akauliza kwa sauti nani kagusa. Mama alikuwa mlangoni na beseni lake.

"Ni mimi, baba," alisema. "Nilisogeza kidogo, mchanga ulikuwa unachafua mashuka."

"Mama, ile ni kamba ya kazi."

"Ina vipande vyekundu. Mwanangu aliniambia ni ya kuzuia watu. Mtu akizuiwa hapa au akizuiwa pale, si amezuiwa tu?"

Kamba alimtazama mama, akanitazama mimi, kama mtu anayeona mti na tunda lake.

"Vunja," aliniambia. "Injinia wa mradi anakuja kesho. Akute mstari."

Nikachukua nyundo kubwa. Nikaenda mpaka katikati ya tumbo, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho asubuhi sikukiona kwa sababu nilikuwa nimeinama. Kati ya kingo na njia ilipotakiwa kupita palibaki kipande cha ardhi. Kipana. Jua lote limekaa hapo. Na kiko nje ya kingo, maana yake si bustani, na marufuku ya bango haikigusi.

Nikaweka nyundo chini.

"Injinia aone kwanza," nikasema.

"Aone kosa?"

"Aone. Akisema tuvunje, navunja mwenyewe."

"Kiberenge. Ukinyamaza, mwaka huu utakuwa fundi. Ukiendelea kufungua mdomo, utakuwa mpita njia."

"Kupita njia nimezoea," nikamwambia. "Lakini hii sivunji leo."

Wenzangu wakawa wanatazama viatu vyao. Kamba akavuta pumzi, akasema basi, kesho niongee mimi, yeye atakuwa upande ule anahesabu mawingu. Nikarudi nyumbani najua wazi: injinia akikataa, mimi sina kibarua na mama hana pa kuanika. Usiku sikula vizuri. Mama alikula vizuri. Aliniongezea mboga, akasema mtu hafukuzwi kazi mara mbili, na kulala njaa hakuzuii kufukuzwa.

Injinia alikuja asubuhi na michoro yake kwapani. Mwanamke mfupi, buti zenye matope ya kweli, anatembea haraka. Nilimpenda hapo hapo, maana mimi pia siwezi kutembea polepole. Akaliona tumbo kutoka mbali.

"Nani amenibadilishia mchoro?"

Nikafungua mdomo, mama akaniwahi. Alikuwa ameshajipanga pale na majirani wawili watatu, kinyozi wa jirani akiwa na kitana bado mkononi.

"Mimi, mwanangu," mama alisema. "Sikujua kuwa ni mchoro. Mimi nilijua ni kamba."

Injinia akamgeukia. Hakukasirika, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa. Akauliza, mama akaeleza: mashuka, uani kusiko na jua, nguzo zilizong'olewa. "Aliyezing'oa ni huyu," akaongeza, akininyooshea kidole. "Nimemzaa mwenyewe."

"Kwenye mkutano wa wakazi hukusema?"

"Mkutano mliuweka Jumamosi asubuhi. Jumamosi wageni wanahama, ndiyo siku ya mashuka mengi. Waliokuja ni wasiofua."

Injinia akaandika kitu. Kisha akalizunguka tumbo, akapiga magoti, akachungulia usawa wa mawe kwa jicho moja.

"Kupinda si shida yangu kubwa," alisema. "Miti haijapandwa, benchi naweza kulisogeza. Shida yangu ni maji. Katikati hapa mmeshuka, kiwanja chenyewe kimebonyea. Mvua ikija, maji ya njiani yatakusanyika hapa na yatarudi majumbani. Sikujenga mtaro ule ili nitengeneze bwawa."

"Tumwage tuone," nikasema.

Mama hakungoja. Akaleta maji ya kusuuzia, beseni zima, akayamwaga juu kwenye mwanzo wa kingo. Tukayafuata kwa macho. Yakakimbia vizuri, yakaingia kwenye tumbo, yakapunguza mwendo, yakakaa. Yakakaa kabisa, na povu lake.

Kinyozi akasema, "Hapo tutafuga bata."

Nikatamani kumnyoa yeye.

"Umeona," injinia aliniambia.

"Nimeona. Yamesimama. Lakini tukiinua mawe ya katikati, tujaze chini, yapate mteremko mpaka mtaroni?"

"Ndiyo dawa yake. Matofali ya njia yanaletwa kesho mchana. Maji yakipita kabla hayajafika, tumbo libaki. Yasipopita, mnavunja na mnanyoosha." Kisha akamgeukia mama. "Na jambo moja tuelewane. Kipande hiki siwezi kukupa wewe. Naweza kuupa mtaa. Nitakiandika mahali pa kuanikia pa wakazi wote, kama wakazi wanakubali."

Mama akakitazama kile kipande kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimjua, alikuwa anapima.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Taulo zangu nazo zina haki," kinyozi akasema, na majirani wakaitikia kwamba wanakubali, kabla hata hawajaulizwa.

Mama akashusha mabega. "Jua halijawahi kuwa langu peke yangu," alisema. "Sawa."

Nikaanza papo hapo. Saruji ilikuwa imeshashika, kwa hiyo kila jiwe nililipandisha kwa mtaimbo, polepole lisikatike. Mawili yalikatika. Nikasafisha, nikajaza, nikashindilia, nikalirudisha. Nilipofika jiwe la nne nikasikia mtu anasimika nondo nyuma yangu. Kamba. Alikuwa anazisogeza karibu karibu, na anafunga kamba ya chini kutoka moja hadi nyingine.

"Ulikuwa unahesabu mawingu," nikamwambia.

"Yameisha." Akakaza fundo. "Kamba haipindi yenyewe. Ukitaka kona ya mviringo, nondo ziwe nyingi, na kila moja uipe kimo chake. Wewe jana ulifuata kimo cha shimo. Shika hapa."

Nikashika. Tukafanya hivyo mpaka jua likazama, na kesho yake tangu kunakucha. Mgongo uliniuma vibaya, lakini ajabu ni kwamba sikufikiria gereji wala maji wala kazi nyingine yoyote. Nilikuwa nafikiria tu jiwe lililo mbele yangu na lile linalofuata.

Lori la matofali lilionekana kona ile wakati mama anatoka na beseni. Injinia naye alikuwa ameshafika. Mama akamwaga. Maji yakaja, yakaingia kwenye tumbo. Yakapunguza mwendo pale katikati, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha yakazunguka ukingo, yakateremka, tukayasikia yakianguka mtaroni.

"Mwaga tena," injinia alisema.

Mama akamwaga tena. Yakapita tena.

Injinia akakunjua mchoro wake, akachora mstari mpya wa mviringo kwa kalamu nyekundu, akamwambia Kamba atugawie saruji kidogo ya kusimikia nguzo. Kwangu alisema tu, "Jiwe la saba limelala kidogo, lirekebishe." Kamba alisubiri aondoke, akasema lilikuwa la sita.

Nguzo za mama nilizisimika mimi, na nyingine tukaongeza. Bustani haijaisha, miti bado ni vijiti vyenye majani mawili, lakini jioni watu wameshaanza kuja kukaa. Sisi tumehamia mtaa wa pili, mtaro ule ule, na mimi bado nipo. Asubuhi hupita pale nikienda kazini. Jana nilikuta kamba zimejaa mashuka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kinyozi amesimama na ndoo ya taulo mbichi.

"Mama Kiberenge," alikuwa anasema, "mahali hapa si pa wakazi wote?"

"Ni pa wote," mama alimjibu, na kibanio kikiwa mdomoni. "Wote wanaoamka mapema."

Mama akanitazama mimi kana kwamba nitamtetea kinyozi. Nikamwambia mama asogeze mashuka mawili, jirani naye aanike. Akasogeza moja.