Mkaguzi wa Ng'ambo ya Pili

Katika familia hiyo hakuna aliyewahi kunyimwa kitu, na balaa lilianzia hapo. Marehemu mama yao hakujua kusema hapana. Chungwa likiwa moja, lilikatwa; kitanda cha dirishani kikigombewa, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alikuwa akisema, na watoto wake wawili wakakua wakiamini kwamba hakuna jambo duniani lisilogawanyika.

Basi Baba yao, ambaye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo, aliposema siku moja mezani kwamba angependa kulala karibu na mto, hakuna aliyemwambia kwamba ni shida. Kazi ya kutafuta kambi ikamwangukia binti mkubwa, mshona mapazia, mtu wa kupima mara mbili kabla hajakata.

Kupima kulikuwa kwingi. Baba alihitaji bafu lenye vyuma vya kushikilia na njia ya kupitisha kiti cha magurudumu. Gari la kulala, waliloazima kwa mjomba, lilitaka sakafu ngumu na umeme. Mdogo wake, ambaye mpaka leo na mvi zake huitwa Kitinda, alikuwa amewaahidi wanawe hema, na ahadi ni deni. Halafu kulikuwa na mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Mkaguzi. Baba alikuwa dereva wa malori tangu ujana hadi kustaafu, na kila barabara alisimamishwa na wakaguzi. Alipookota kitoto cha mbwa kinachonusa kila tairi, alisema naye sasa amepata mkaguzi wake, asiyeomba chochote ila chakula. Siku hizi Baba alimwita binti yake kwa jina la shangazi yake, na Kitinda aliamkiwa naye kama mgeni wa heshima. Mbwa tu ndiye aliyebaki mbwa. Kila jioni mzee alichukua bakuli la bati, akaligonga kwa kijiko, akamwita, na mbwa akisha kula ndipo naye alipokubali kula. Siku mbwa alipolazwa kwa daktari wa mifugo, Baba hakutia hata tonge mdomoni.

Mshonaji alipiga simu kambi ya kwanza.

"Mbwa karibu sana, mama," alisema msichana wa mapokezi. "Ila vyoo viko juu, kuna ngazi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Si nyingi. Watu huwa wanapumzika katikati."

Kambi ya pili ilikuwa na kila kitu, na haikutaka kusikia habari za mbwa hata wa kuchora. Ya tatu ilikuwa pande mbili za mto. Upande mmoja magari ya kulala, sakafu, umeme, mabafu ya wazee, wanyama marufuku. Upande wa pili nyasi, mahema, mbwa ruksa.

"Kwa hiyo mto uko katikati?" aliuliza.

"Mnaonana kabisa, mama. Mnapungiana mikono. Na daraja la miguu lipo hapo chini."

Kitinda alifurahi kama kwamba ndiye aliyeligundua daraja. "Dada, hiyo imekaa sawa! Wewe na Baba huku, sisi na Mkaguzi kule. Jioni namvusha mpaka getini kwenu, anakula, namrudisha. Kila mtu kapata chake."

Kila mtu kapata chake! Katika nyumba ile maneno hayo yalifunga mjadala wowote. Mtu baki angewauliza, je, mbwa mmeshamwambia? Lakini mtu baki hakuwepo, na Mshonaji akalipa.

Walifika mchana. Juu huko mvua ilikuwa imenyesha, na mto ulipita mwekundu, mzito, umebeba matawi. Kitinda alisimamisha hema ng'ambo akamfunga mbwa kwenye kigingi. Mshonaji alimweka Baba kivulini kando ya gari, akakaza breki za kiti. Mzee alitazama maji akatabasamu, na binti yake akaona kwamba angalau mara hii amechagua vizuri.

"Yule mbwa yule," alisema Baba, "ni kama wangu."

"Ni wako, Baba."

"Sasa anafanya nini kwa watu?"

Alimweleza. Mzee akaelewa. Baada ya kitambo akauliza tena, akaelezwa tena, akaelewa tena.

Jioni ilipokaribia, Kitinda alikuwa bado anahangaika na jiko lisilotaka kuwaka. Mshonaji alikuwa nyuma ya gari akiunganisha mpira wa maji, mikono imelowa, aliposikia kijiko kikigonga bati.

"Mkaguzi! Wee Mkaguzi! Njoo ule!"

Alitupa mpira akakimbia. Baba alikuwa na bakuli mapajani, uso umemchangamka. Ng'ambo, mbwa alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kamba imekazika. Ardhi ya kule ilikuwa ya mchanga. Kigingi kilitoka kama sindano inavyotoka kwenye kitambaa, na mbwa akaingia majini na kamba yake.

"Baba, nyamaza! Usimwite!"

"Mbona anakuja?" alisema Baba kwa furaha. "Muone anavyokuja!"

Na kweli alikuja. Aliogelea kichwa juu, macho kwenye bakuli, akafika karibu na katikati, na hapo mto ukamchukua. Hakulia. Aliendelea kuogelea kuja kwao huku akienda zake chini, daraja likampita juu, kisha kona. Kitinda alikuwa akikimbia ukingoni kule na kiatu kimoja, akipiga kelele ambazo maji yalizifunika.

Mshonaji hakujua kuogelea. Angekimbia ukingoni, lakini Baba alikuwa ameanza kuhangaika na breki za kiti, na mbele yake kulikuwa na mteremko na maji. Alishika kiti kwa mikono miwili. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya duniani ila kushika kiti, na alijichukia kwa hilo.

Mlinzi wa kambi alikuja mbio, akatazama kona, akavua kofia akaivaa tena. "Kule mbele kuna kina kifupi," alisema. "Mbwa wengine hujitoa wenyewe. Akisikia sauti anayoijua, anaweza kujua upande wa kushika." Akakimbia kuelekea darajani.

Sauti anayoijua. Mshonaji alijaribu yake, ikatoka nyembamba, haikufika hata daraja. Sauti ya kufika ilikuwa ya mzee, sauti ya kuita utingo kutoka upande wa pili wa lori, ile ile ambayo dakika chache zilizopita alikuwa ameililia inyamaze. Sasa ilikuwa imenyamaza.

Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, mwite. Mwite kwa nguvu."

Mzee alimtazama kwa upole. Hofu ilikuwa imemtoka usoni, na furaha pia. Aliliona bakuli mapajani, akaligeuza kidogo kuona limetoka wapi.

"Nimwite nani, mama?"

"Mkaguzi, Baba. Mkaguzi wako. Yuko majini, anakusikia. Mwite!"

Baba akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na mwanamke huyu alikuwa akilia. Alijiweka sawa kitini, akakohoa, akaelekeza uso mtoni.

"Bwana mkaguzi," aliita polepole, kama mtu anayebisha hodi ofisini. "Samahani, bwana mkaguzi. Kuna mama hapa anakutafuta."