Majogoo kwa Kaka, Makoo Kwangu

Baba alipofariki, baba mdogo aligawa kuku aliowaacha kama mtu anayegawa jozi ya viatu: kimoja kwa huyu, kimoja kwa yule. Majogoo saba akampa kaka yangu. Makoo kumi na mmoja akanipa mimi. "Haki imetendeka," akasema, akanawa mikono, akakaa kula. Mpaka leo nikimwamkia, namwamkia kwa mdomo tu.

Hawakuwa kuku wa kufukuzana jalalani. Ukoo wao baba aliutunza miaka thelathini: mwili mweusi unaong'aa mpaka unaingia ukijani, shingo nyekundu ya shaba, manyoya machache miguuni, na yai la kahawia iliyokolea mpaka wageni wanauliza limechomwa na nini. Alikuwa na kibao alichokipaka mistari tisa ya rangi, kuanzia weupe wa maziwa hadi kahawa iliyokaangwa. Yai lisilofika mstari wa saba halikuatamiwa, liliingia sufuriani. Jogoo mwenye unyoya mmoja mweupe shingoni naye aliingia sufuria hiyohiyo. Utotoni tulikula vizuri sana.

Kaka alirithi jicho la manyoya. Mtaani wanamwita Jaji, kwa sababu hawezi kumwona kuku bila kumkamata, kumpindua na kumhukumu. Mimi nilirithi jicho la mayai. Yeye husema yai mwisho wake chooni. Mimi humwambia manyoya mwisho wake jalalani. Tunaishi katika nyumba ileile ya baba, yeye vyumba vya mbele, mimi vya nyuma, na uani kaka alitia uzio wa waya ili kuku wangu wasikanyage kwake. Anayepita ni wifi yangu, mke wake, ambaye ana subira kuliko sisi wawili tukijumlishwa.

Sasa, koo bila jogoo hutaga, lakini yai lake halitotoi. Na jogoo bila koo kazi yake ni kelele. Mwaka na nusu ulipita hivyo. Majogoo wa kaka walipigana wenyewe kwa wenyewe, makoo wangu wakazeeka, mayai yakapungua hadi nikawa naokota mawili kwa siku, pengine moja. Nilijua makoo wale wakiacha kutaga, kazi ya baba imekwisha. Kaka naye alijua. Kila mmoja alimngoja mwenzake aje kupiga magoti.

Wifi ndiye aliyechoka. Akaja jikoni kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Wifi, sikiliza. Jaji atakupa jogoo mmoja. Wewe baada ya mwezi utampa mayai kumi na mawili ya makoo aliowapanda huyo jogoo. Kila mtu atapata ukoo kamili, na mimi nitapata usingizi."

"Amesema yeye?"

"Nimesema mimi. Yeye amenuna tu, na akinuna ndio amekubali."

Jogoo akaletwa. Nilimpindua kama Jaji mwenyewe. Shingo ya shaba tupu, kifua cheusi, hakuna doa. Kitu kimoja tu kilinikera: kucha zake za nyuma zilikuwa fupi kidogo kwa umri alioutaja kaka. Niliona, nikapita. Nilikuwa na haraka na uchafu wangu mwenyewe, na mwizi hana muda wa kumkagua mwizi mwenzake.

Maana sikutaka kaka apate ukoo kamili. Nasema ukweli. Nilikaa nikamfikiria akiwa na kuku weusi wenye shingo nyekundu na mayai ya mstari wa tisa, akipita mtaani anatamba kwamba ndiye mtoto wa baba, na chakula kikanigomea. Ukitazama yai, unaona ganda tu. Manyoya yaliyomo ndani hayaonekani. Basi nikawatenga makoo watatu, nikawapeleka kwa fundi baiskeli, ambaye jogoo wake ana madoadoa ya kijivu na hana ukoo wowote duniani. Mwezi ulipokwisha, nikawarudisha, nikampa wifi mayai yao kumi na mawili ya kahawia iliyokolea. Kaka alitumbukiza yote kwenye mashine ya kutotolesha, na nilimsikia akipiga mluzi.

Mimi na jogoo wangu tukapata vifaranga kumi na wanne. Nikawalea kama wanangu. Sikuchungulia upande wa pili kuona manyoya ya vifaranga wake. Nilingoja nisikie kelele. Kelele haikuja. Mwezi wa tatu nilisikia visu. Kaka alichinja majogoo asubuhi moja, na wifi akapita milango ya majirani na mabakuli ya nyama. Kwangu hakuleta. Nikajisemea wana wageni.

Tembe wangu, wale vifaranga wa kike waliokua, walipoanza kuwa wekundu vilemba, nikaona banda limejaa na pumba hazitoshi. Makoo wa baba walikuwa wamebaki wanane, watatu wamekufa kwa uzee, na yai lilikuwa moja kwa wiki. Jumamosi mwenye hoteli wa barabarani alikuja na tenga, akawachukua wote. Sikulia. Kwa nini nilie? Damu yao ilikuwa imesimama mbele yangu kwa miguu kumi na minane, tembe tisa, vifua vimetuna.

Jumanne nikaokota yai la kwanza. Lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nililipeleka dirishani, nikaliweka juu ya kibao. Mstari wa tatu. Baba alitufundisha kwamba tembe hutaga yai jeusi kuliko yote mwanzoni, kisha rangi hupauka kadiri anavyotaga. Kwa hiyo hapakuwa na cha kungoja. Jumatano yalikuja mawili, mstari wa tatu, mstari wa nne. Alhamisi nikayatia matatu kwenye kanga, nikapita uzioni kwa mara ya kwanza tangu utiwe.

Kaka alikuwa amekaa kwenye stuli anakata majani. Kuku wake walizunguka miguuni: wana madoadoa, wana mabaka, mmoja mweupe mkia. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja.

"Jogoo gani ulinipa?" nikamuuliza.

Akatazama mayai, akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Mtoto wa jogoo wa baba. Mama yake nilimnunua sokoni, anataga mayai meupe kama meno. Shingo nzuri lakini, sivyo?"

"Umeua kazi ya baba!"

"Mimi? Na hawa ni kina nani? Hawa ni wajukuu wa fundi baiskeli! Mla cha mwenzie na chake huliwa, bibie."

"Mshenzi wewe."

"Mshenzi ni aliyeanza."

"Ulianza wewe, jogoo alikuja kabla ya mayai!"

Wifi alitoka ndani, unga mikononi, akatuangalia kama watu waliojikojolea. Kaka akaendelea, sauti imeshuka kidogo. Akasema vifaranga walipoota manyoya ya fundi baiskeli, alipandwa na hasira akachinja majogoo wa baba ili nisije nikapata hata mmoja, hata nikija kwa machozi.

"Wote?" nikauliza.

Akainuka, akaingia stoo, akatoka na jogoo kifuani. Nilimjua. Yule mkubwa, ambaye baba alikuwa akimlisha kwa kiganja. Manyoya ya shingo yalikuwa yamepungua, lakini shaba ni ileile.

"Huyu alinishinda," kaka akasema. "Nilimlaza, nikashindwa. Usinitazame hivyo. Sikupi. Lete makoo wawili wa baba upande huu, wakae mwezi. Vifaranga tugawane nusu kwa nusu, na mbele ya wifi yako. Sikuamini hata kidogo."

"Makoo hawatoki kwangu," nikasema. "Jogoo ndiye aje."

Sijui kwa nini nilisema vile. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

"Aje umpeleke kwa fundi? Thubutu!"

"Basi koo mmoja."

"Wawili. Na nitawachagua mimi, wasio na doa."

"Utachagua wewe kama nani? Mayai unayajua wewe? Nitachagua mimi, kwa kibao."

"Jamani," wifi akasema, "nakwenda kuwachukua, mtabishana wakiwa hapa." Akajipangusa unga, akachukua tenga ukutani, akapita uzioni.

Sikumzuia. Niliendelea kubishana. Nilibishia vifaranga, nilibishia nani atanunua pumba, nilibishia mwezi kama ni siku thelathini au wiki nne. Kaka alinijibu kila neno, akiwa amemkumbatia jogoo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilikuwa na furaha ndani yake. Nikazidi kumtukana, kwa sababu nikinyamaza ningeulizwa.

Wifi akarudi, tenga kwapani.

"Bandani kuna tembe watupu," akasema. "Makoo wa baba umewahamishia wapi, wifi?"

Kaka alikuwa akimlainisha jogoo shingo kwa kidole gumba. Kidole kikasimama.

"Hotelini," nikasema. "Tangu Jumamosi."

Nikasimama nikingoja anitukane. Hakunitukana.