Kilele cha Tatu

Njia ya wapandaji mlima ilikuwa pale pale, pana, imefyekwa vizuri, na kibao kila kona. Fundi aliipa mgongo, akaingia msituni nyuma ya mbwa wawili. Wifi yake alimfuata bila kuuliza.

Wifi huyo alikuwa mwalimu wa hesabu, na mke wa kaka yake. Au mjane wake. Ila kwa miezi saba tangu apotee hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo, maana kaburi halikuwepo.

Kaka mtu alikuwa mpima ardhi, mji mzima ukimwita Futi. Wiki nzima alivuta kamba na kupigilia vigingi kwenye mashamba ya watu. Siku ya mapumziko alitaka kwenda kusiko na mstari. "Njia ni ya wasiojua wanakokwenda," alikuwa akisema, huku akiwapigia mbwa mluzi. Mbwa mmoja, Bosi, alikuwa mnene, mvivu, mwingi wa kelele. Wa pili, Karani, alikuwa mwembamba, hapiti kitu bila kukinusa, utadhani anakagua mihuri. Siku aliyopotea Futi, Bosi alibaki nyumbani na mguu uliovimba. Siku ya nne Karani alirudi peke yake.

Waokoaji walitafuta siku kumi kandokando ya njia, kwa kuwa gari lake lilikutwa langoni, njia inapoanzia. Mwalimu aliwaambia mume wake hapiti njia. Mkuu wao akamjibu kwa upole kwamba msitu ni mkubwa, hawawezi kuuliza kila mti.

Fundi hakusema kitu wakati ule, kwa kuwa hakuwa na la kusema. Alilipata wiki moja tu kabla ya safari hii, alipokuwa akimwaga kikapu cha vipande vya vitambaa kilichokaa chini ya cherehani yake. Humo mlikuwa na mkono wa shati la buluu, umefungwa fundo. Shati lile alilishona yeye mwenyewe.

Hapo akakumbuka. Karani aliporudi alifikia kwake kwanza, ametapakaa tope hadi masikioni, kitu kimembana shingoni. Fundi alikuwa amezama kwenye sare za shule, wateja wamejaa mlangoni. Akakikata kile kitu kwa mkasi, akakitupa kikapuni, akampa mbwa maji. Alidhani ni tambara lililomnasa huko miibani. Sasa alilikunjua. Ndani, kwa ile kalamu nyekundu ya nta ya wapima ardhi, paliandikwa namba tatu, na mshale ukielekea chini.

Hakwenda kwa waokoaji. Wangemuuliza kitambaa kilikuwa wapi miezi yote hiyo. Alikwenda kwa wifi yake na kumwambia, "Karani anapajua. Tumfuate." Kitambaa hakumwonyesha.

Kilele cha kwanza walikifikia kwa kupenya mianzi, nguo zimelowa kwa umande. Bosi alihema, akakaa, akagoma.

"Huyu kaja kusimamia kazi tu," Mwalimu akasema, na wote wawili wakacheka. Kicheko kikawashtua.

Kwenye kilele cha pili ukungu ulishuka mpaka mtu haoni hatua kumi mbele. Wakakaa juu ya gogo, wakanywa chai iliyopoa. Fundi akapiga moyo konde.

"Wifi, nina neno."

"Sema."

Akampa kitambaa. Mwalimu alikinyoosha gotini, akafuatisha maandishi kwa kidole, kama asahihishaye daftari.

"Umekitoa wapi?"

"Kilikuwa shingoni mwa Karani siku aliyorudi. Nilikikata nikakitupa. Sikukitazama, wifi. Wallahi sikukitazama."

Maji yalidondoka kwenye majani. Bosi akaja kuweka kichwa juu ya kiatu cha Mwalimu.

"Siku ya nne," Mwalimu akasema mwishowe. "Kwa baridi hii, na shati tu mwilini. Alikuwa keshakufa siku ya nne."

"Unadhani?"

"Alikuwa keshakufa. Usijitwike mzigo usio wako." Alisema kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Haya, tunyanyuke."

Kutoka hapo Karani aliacha kunusa. Alikwenda moja kwa moja, akavuka kilele cha tatu bila kusimama, akashuka ubavuni penye mawe na mizizi. Akalala mbele ya pango dogo lililofunikwa na majani ya kangaga, akaweka kidevu chini.

Futi alikuwa ndani, kilichobaki chake, mgongo kwenye jiwe. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika vipande viwili. Mwalimu alipiga magoti, akamfunika kwa shuka aliyokuja nayo, akaichomeka pembeni taratibu, kama amfunikavyo mtoto.

Fundi ndiye aliyeiona mistari. Ilikuwa ukutani, mahali mvua isipofika: mistari mifupi, myekundu, iliyonyooka kama yote aliyowahi kuchora Futi. Akaihesabu. Akaihesabu tena kuanzia upande wa pili. Tisa.

"Tisa toa nne," Mwalimu akasema nyuma yake, kwa sauti ileile ya darasani. Jibu hakulitaja.

Fundi aliketi palepale kwenye tope. Machozi hayakuja. Alimwona wifi yake akichota mchanga mbichi, akausugua ukuta kwa kiganja, mstari baada ya mstari, mpaka ngozi ikachubuka.

"Unafanya nini?"

"Watakuja watu kumchukua. Mama hawezi kuambiwa siku tisa."

"Na mimi?"

"Wewe unajua," Mwalimu akasema. "Na mimi najua."

Karani alikataa kuondoka. Ilibidi afungwe kamba na kuburutwa. Penye mteremko mkali Fundi aliteleza. Mwalimu akamdaka mkono, akaushika kwa nguvu hadi aliposimama sawasawa, kisha akauachia mara moja.

Msibani, Mwalimu alikaa kando ya mama mkwe na kuwaambia wote waliouliza, "Aliteleza, akafa papo hapo. Hakuteseka."

"Afadhali," mama akasema, akajifuta uso kwa ncha ya nguo. "Afadhali, mwanangu."

Fundi alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akayasikia yote. Hakuna aliyemlaumu siku ile, wala baadaye. Mwalimu bado hupita dukani kwake akielekea shuleni, na hampiti bila salamu. Humwuliza habari za watoto, habari za kazi. Ila tangu siku ile hajamwita wifi. Humwita Fundi, kama wateja wanavyomwita.